Darasa linachangamka nikileta habari za magazetini, mtihani ukija ni palepale. Nakosea wapi?

#1 Chaki Vumbi
Habari zenu wakuu. Nafundisha saikolojia mwaka wa kwanza, huu ni mwaka wangu wa sita. Tangu muhula uliopita nimeacha kuanza kipindi na sura ya kitabu. Naanza na habari ya wiki: mashahidi wawili wa ajali moja wanaopingana, utafiti mpya kuhusu simu na usingizi, mkubwa fulani aliyegeuza msimamo halafu akaapa hajawahi kuwa na ule wa zamani. Darasa linawaka. Hata wale wa viti vya nyuma wanaokuja kuchaji simu tu wananyoosha mikono.

Balaa ni mtihani. Nimesahihisha karatasi 64 wiki hii. Swali la tatu liliuliza kwa nini kumbukumbu ya shahidi hubadilika. Kijana mmoja kanisimulia ile ajali niliyoileta mwenyewe, mwanzo mwisho, mpaka rangi ya gari, halafu dhana yenyewe hakuigusa. Mwingine kaandika: "Kama tulivyoona darasani, watu wako hivyo." Akapiga nukta, akahamia swali la nne.

Alama hazijapanda hata kidogo ukilinganisha na miaka niliyokuwa nasoma slaidi kama risala. Kosa ni la habari, ni langu, au ni la mtihani?

#2 Msomaji Kimya
Naweka kambi hapa. Mimi ni wa historia lakini yananikuta hayohayo.

#3 Kalamu Nyekundu
Kosa ni la habari, mwalimu. Kitu kinachomnogea mwanafunzi si lazima kiwe ndicho anachojifunza. Harp na Mayer walionyesha mwaka 1998: waliwapa watu maandishi yanayoeleza radi inavyotokea, wengine wakaongezewa visa vitamu vya watu waliopigwa na radi. Waliopewa visa walikumbuka maelezo ya msingi kidogo kuliko wenzao, na walipopewa maswali ya kutumia akili wakashindwa zaidi. Utamu ulikula nafasi ya somo.

Rangi ya gari ndiyo radi yako.

#4 Mzee Kinagaubaga
Kalamu unatisha watu bure. Kisa kikikaa, somo linakaa nalo. Mimi kila mwaka natumia ile habari ya New York ya 1964: watu 38 wamesimama madirishani wanamtazama Kitty Genovese akiuawa nusu saa nzima, hakuna hata mmoja aliyepiga simu polisi. Nimekutana na niliowafundisha zamani, sasa wana watoto, bado wanaikumbuka. Hiyo ndiyo saikolojia ya kundi, kila mtu anategea mwenzake.

#5 DadaTakwimu
Naona #3 na #4 wote wameshika mkia wa tembo yuleyule.

Kuna jaribio la Gick na Holyoak, 1980. Watu walipewa fumbo: mgonjwa ana uvimbe tumboni, mionzi mikali inaua uvimbe lakini inaunguza na nyama iliyo njiani, mionzi dhaifu haiunguzi wala haiui. Utafanyaje? Kama mtu 1 kati ya 10 ndiye anayetegua mwenyewe. Jibu ni kurusha mionzi dhaifu mingi kutoka pande mbalimbali ikutane kwenye uvimbe. Sasa wengine kabla ya fumbo walisoma hadithi ya jenerali aliyegawa jeshi lake likapita njia nyingi na kukutana ngomeni. Jibu liko mezani! Lakini waliounganisha wenyewe walikuwa takriban 30 kwa 100. Wakaambiwa tu "ile hadithi inaweza kukusaidia", wakapanda mpaka kama robo tatu.

Yaani mtu anaweza kuwa na kisa chote kichwani na asijue kuwa anacho. Na dawa waliipata wenyewe kwenye majaribio ya 1983: mpe hadithi mbili zenye mifupa ileile na sura tofauti, mwambie azilinganishe. Chaki, wewe unaleta habari moja kwa wiki. Moja inabaki kuwa kisa.

#6 Mchunguzi77
Nirudi #4. Mzee, shikamoo, lakini hiyo habari uliyoishika imeshabomoka siku nyingi.

Mauaji yalitokea alfajiri ya 13 Machi 1964. Habari ya wale "mashahidi" ilitoka New York Times 27 Machi, wiki mbili baadaye. Hata gazeti lenyewe halikuelewana na namba yake: kichwa cha habari 37, ndani 38. Hapakuwa na watu 38 waliosimama kutazama. Mashambulizi yalikuwa mawili, na la pili lilitokea ndani, kwenye ngazi za nyuma ya jengo, ambako karibu wote wasingeweza kuona. Wengi walisikia kelele tu usingizini. Mmoja alifungua dirisha akamfokea muuaji; muuaji akakimbia, kisha akarudi. Na jirani mwanamke alishuka akamshika marehemu mikononi akiwa bado hai. Mwaka 2007 Manning na wenzake waliichambua kesi hii kwenye jarida la American Psychologist, wakaeleza jinsi vitabu vya saikolojia vilivyoikariri bila kuikagua. Gazeti lenyewe mwaka 2016, muuaji alipofia gerezani, likakiri kuwa habari yake ya awali ilikuwa na kasoro.

#7 Mzee Kinagaubaga
Marahaba. Kwa hiyo nimewadanganya watoto wa watu miaka kumi na moja?

#8 DadaTakwimu
Hapana Mzee, usivue kofia bado. Habari ilikuwa mbovu ila jaribio lililozaliwa nayo limesimama. Darley na Latané, 1968: mwanafunzi yuko peke yake chumbani, anamsikia mwenzake kupitia spika akianza kupata kifafa. Akiamini ni yeye tu anayesikia, 85 kwa 100 walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Akiamini kuna mwingine mmoja, 62. Akiamini wako wanne wengine, 31.

Halafu ukija mtaani, Philpot na wenzake mwaka 2019 walitazama video 219 za kamera za barabarani, Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Ni ugomvi halisi, si maigizo. Kwenye 91 kwa 100 kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyeingilia, na watu walipozidi kuwa wengi uwezekano wa msaada uliongezeka.

Wanafunzi wangu husema hapo: basi Darley na Latané wameumbuka. Ndipo nachukua chaki. Chukulia watu watano, kila mmoja ana nafasi 31 kwa 100 ya kusaidia, na kila mmoja anaamua kivyake. Nafasi ya wote watano kukaa kimya ni 0.69 mara yenyewe mara tano, yaani kama 0.16. Kwa hiyo nafasi ya kupata angalau msaidizi mmoja ni 84. Yule aliyekuwa peke yake ni 85! Aliyeanguka hajapoteza karibu chochote. Maswali ni mawili tofauti: "mimi nitasaidia?" na "yeye atasaidiwa?" Gazeti huuliza la pili, jaribio linapima la kwanza, na watu wanabishana miaka hamsini.

#9 Jicho la Tatu
Uzi wa saikolojia, hesabu zimefuata nini jamani?

Mimi sina shida ya Chaki. Nachukua kiongozi yeyote anayevuma, namweka ubaoni, darasa linachambua: ana ugonjwa gani wa nafsi, utoto wake ulikuwaje, anajipenda kupita kiasi au anaogopa. Kipindi kinaisha hawataki kutoka. Na mtihani wanafaulu, maana wamekariri dalili zote.

#10 Kalamu Nyekundu
Jicho, hicho si kipindi, ni umbea wenye mahudhurio.

Mwaka 1964 jarida la Fact liliwaandikia madaktari wa akili zaidi ya 12,000 Marekani kuwauliza kama Barry Goldwater, aliyekuwa anagombea urais, ana afya ya akili ya kufaa kazi hiyo. Walijibu 2,417, na 1,189 kati yao wakasema hafai. Hawajawahi kumpima! Goldwater akashtaki, akashinda, jarida na mchapishaji wake wakalipishwa jumla ya dola 75,000 za adhabu. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kikaweka kanuni kuwa si maadili kutoa maoni ya kitaalamu kuhusu afya ya akili ya mtu maarufu ambaye hujamchunguza wala hajakupa ruhusa. Watu wanaiita kanuni ya Goldwater mpaka leo.

#11 Jicho la Tatu
Kanuni ni ya madaktari. Mimi mwalimu. 😄

#12 Mchunguzi77
@Jicho la Tatu ukivua koti la daktari ndiyo unaruhusiwa kupasua?

Ila kuna jambo hapo. Badala ya kumchambua kiongozi, wape wanafunzi hiyo habari ya jarida la Fact. Waliojibu ni kama mtu 1 kati ya 5. Ni nani anayejibu barua ya namna hiyo? Hapo umeshafundisha sampuli, yaani wachache wanaochukuliwa kuwakilisha wengi, bila kuitaja.

#13 Ripota Mstaafu
Nimekuwa chumba cha habari miaka mingi na naona waandishi tunasagwa humu. Naomba kutetea kidogo.

Moja, kichwa cha habari kwa kawaida haandiki ripota. Nimewahi kuandika "huenda inahusiana na" mara tatu katika aya mbili. Kesho yake juu ya jina langu kumeandikwa "yasababisha". Mhariri alihitaji neno fupi, safu ilikuwa nyembamba. Nilinyanyua simu, nikaambiwa gazeti limeshauzwa.

Pili, chumvi mara nyingi inakuja imeshatiwa. Sumner na wenzake walichapisha kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2014: walichukua taarifa 462 ambazo vyuo vikuu 20 vya Uingereza vilizituma kwa waandishi kuhusu tafiti za afya, wakazilinganisha na tafiti zenyewe na habari zilizotoka. Taarifa 40 kwa 100 zilikuwa na ushauri uliokuzwa kuliko utafiti ulivyosema. Na taarifa ikikuza, habari nayo ilielekea kukuza. Maprofesa, jitazameni kwenye kioo.

#14 Msomaji Kimya
Hapa Ripota kapiga penyewe. Basi zoezi ni kuweka vitatu mezani: utafiti, taarifa ya chuo, habari ya gazeti. Mwanafunzi atafute "huenda" ilikufia wapi.

#15 Bi Mkubwa
Naomba niseme jambo ambalo halijaguswa, mtanisamehe nikiharibu mzaha.

Mwaka fulani nilileta darasani habari ya kijana aliyejiua, ilikuwa inazungumzwa kila mahali. Nilitaka kufundisha kazi ya David Phillips ya 1974, ile iliyoonyesha kuwa habari ya kujiua ikipambwa ukurasa wa mbele vifo vya namna hiyo huongezeka baadaye. Nimefika katikati, binti mmoja safu ya pili akafunga daftari taratibu, akaweka kalamu ndani ya mkoba, akafunga zipu, akatoka. Hakugonga mlango. Nikaendelea kufundisha. Nilikuja kuambiwa na mwenzake kuwa alikuwa amezika ndugu miezi miwili nyuma.

Yaani nilikuwa nafundisha kuwa habari za namna hii zinaumiza, huku mimi mwenyewe naigawa ile habari kwa nakala thelathini. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa waandishi kuhusu kuripoti kujiua: usieleze njia, usiweke kwenye kichwa cha habari, taja mahali pa kupata msaada. Nimeufanya ni mwongozo wangu wa darasani. Na mada nzito naitangaza kipindi kimoja kabla, mtu asipokuja simwulizi.

Kitabu kinaongelea watu wa mbali. Habari ya wiki hii ni ya mtu, na huenda mtu wake yuko safu ya pili.

#16 Chaki Vumbi
Bi Mkubwa, asante. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa, na nimeleta habari za ajali mara nne muhula huu.

#17 Mwanafunzi wa Milele
Naweza kuongea? Mimi niko upande wa pili wa meza, mwaka wa tatu.

Walimu mnasahau kuwa tunajua ratiba. Ikiwa ni wiki ya kumbukumbu, habari yoyote utakayoileta jibu lake ni kumbukumbu. Wiki ya makundi, jibu ni makundi. Hatuhitaji kufikiri hii ni dhana gani, imeandikwa juu ya slaidi kwa herufi kubwa! Tunachofanya ni kupamba jibu tulilopewa. Darasa linachangamka kwa sababu hakuna anayeweza kukosea.

Mtihani ukija, bango hilo halipo. Unasoma kisa, hujui ni cha wiki ya ngapi. Hapo ndipo mtu anaandika "watu wako hivyo".

#18 DadaTakwimu
Mdogo wangu umetuvua nguo wote.

#19 Chaki Vumbi
Nimesoma #17 mara tatu. Ni kweli, habari zangu zote zimepangwa kwa wiki. Hata jina la faili ni "wiki_05_kumbukumbu", na ndilo linaonekana kwenye skrini nikifungua.

#20 Kalamu Nyekundu
Msifurahi mapema. #17 anaeleza kwa nini hawatambui dhana. Haelezi rangi ya gari. Yule kijana alitambua vizuri kuwa swali ni la shahidi, kilichomponyoka ni maelezo. Hiyo bado ni radi.

#21 Mzee Kinagaubaga
Au labda hakuna fumbo. Labda kijana hakusoma. Nasema tu.

#22 Fundi Maswali
Mimi nina maelezo mengine. Habari inamfanya mtu aone alishalijua somo. Ukimaliza kueleza, kila mtu anatikisa kichwa, "ndiyo, kawaida hiyo". Anayeona alishajua hasomi.

Fischhoff na Beyth walilipima hili kwa habari za kweli. Rais Nixon wa Marekani alipokuwa anajiandaa kwenda China na Moscow mwaka 1972, waliwauliza wanafunzi Israeli kila tukio lina uwezekano gani: atakutana na Mao, kiongozi wa China? Watafikia makubaliano fulani? Baada ya safari wakawaomba wakumbuke namba zao. Kwa mambo yaliyotokea, wengi walikumbuka namba kubwa kuliko walizoandika. Walikuwa "wanajua tu".

Nafanya hivi. Mwanzo wa muhula nachagua mambo manane yanayosubiriwa kwenye habari: uchaguzi, fainali, hukumu ya kesi. Kila mtu anaandika asilimia kwa mkono wake, bahasha inafungwa, inasainiwa juu ya gundi. Wiki ya sita wanaandika upya wanachokumbuka, ndipo tunafungua. Mwaka jana kijana alikuwa amekumbuka 80, karatasi ikasema 35. Akaniangalia, akaigeuza nyuma, akaishika juu ya taa kabisa, akasema: "Mwalimu, huu mwandiko si wangu." Saini ilikuwa yake. Darasa halikucheka sana, maana kila mmoja alikuwa ameshika yake.

Swali la mtihani kuhusu dhana hiyo hawalikosi. Sidhani ni kwa sababu ya habari, ni kwa sababu walikosea wao wenyewe.

#23 Ripota Mstaafu
Hiyo ya bahasha ingefanywa kwa wachambuzi wa siasa redioni, vipindi vingefungwa.

#24 DadaTakwimu
Sasa nimguse mwenye uzi, kwa upendo. Chaki, unajuaje kuwa alama "hazijapanda"? Umelinganisha kundi la mwaka huu na makundi ya zamani, mitihani tofauti, msahihishaji ni wewe mwenyewe unayejua nani kafundishwaje. Ungeletewa habari gazetini yenye ushahidi huo ungeichanachana mbele ya darasa. Mganga hajigangi.

Na "darasa linawaka" nayo si kipimo. Deslauriers na wenzake, Harvard, 2019, somo la fizikia: waliofundishwa kwa kushirikishwa walipata alama za juu kuliko waliopewa mhadhara mtamu, ila wao wenyewe walihisi wamejifunza machache kuliko wenzao. Hisia na alama zilienda njia mbili.

#25 Jicho la Tatu
Kwa hiyo darasa langu linalokataa kutoka limejifunza au halijajifunza?

#26 DadaTakwimu
Hatujui. Na wewe hujui, ndiyo hoja yangu.

#27 Chaki Vumbi
Nimekubali kipigo cha #24. Ni aibu maana mbinu za utafiti nafundisha mimi.

Muhula ujao nina makundi mawili ya mada moja. Kundi moja litapata habari moja kila wiki kama zamani. La pili litapata mbili kwa mpigo, moja ya wiki hiyo na nyingine ya dhana ya wiki zilizopita, bila kichwa, waseme wenyewe ipi ni ipi na kwa nini. Mtihani mmoja, karatasi zisizo na majina, na nitaomba mwenzangu asahihishe. Jina la faili litakuwa namba tu.

#28 Kalamu Nyekundu
Makundi umegawa kwa kura au ni asubuhi na jioni?

#29 Chaki Vumbi
…asubuhi na jioni.

#30 Kalamu Nyekundu
😂😂😂

#31 Bi Mkubwa
Mwacheni. Chaki, wa jioni wengi huwa wanatoka kazini, ukisahihisha uandike hilo pembeni.

#32 Mzee Kinagaubaga
Mimi hizo 84 na 85 za #8 nimeshaziweka kwenye slaidi badala ya wale 38. Mchunguzi77, kabla sijazionyesha Jumatatu, una neno lolote?

#33 Mchunguzi77
Lipo dogo, Mzee. Ile "kila mmoja anaamua kivyake". Kwenye lile jaribio hawakuonana. Barabarani watu wanatazamana usoni kwanza.

#34 Mzee Kinagaubaga
Nilijua tu.

#35 Fundi Maswali
Mzee, bahasha yako iko wapi?